Teke Halipimi Upepo

Nenda stendi yoyote asubuhi utawaona. Dereva anazunguka gari lake, anapiga teke tairi la mbele, anapiga la nyuma, anasikiliza mlio. "Limejaa hilo, twende!" Mjomba naye alikipima hivyo hivyo kijisuzuki chake, siku tuliyotoka Dar es Salaam kwenda Tanga. Hatujafika Segera, tairi la nyuma likapasuka. Gari liliyumba, likalala ubavu. Mimi nilitoka na michubuko. Mjomba anachechemea mpaka leo.

Ndugu msomaji, huu upepo tunaoukabidhi roho zetu ulitoka wapi?

Mwaka 1845 Mskoti Robert William Thomson alipata hati ya uvumbuzi wa gurudumu la upepo. Watu hawakumjali. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akalibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Safari hii dunia ililichangamkia, na mpira ukatafutwa kwa udi na uvumba. Jirani zetu wa Kongo, chini ya Mfalme Leopold wa Pili, wakaulipia kwa damu na mikono iliyokatwa. Kumbe tairi halikuanzia barabarani kudhuru watu!

Mwaka 1970 Suzuki ya Japani ikatoa LJ10, babu wa Jimny: kigari chepesi cha injini ya cc 359, magurudumu yote manne yakivuta. Kigari cha namna hii kinataka mambo mawili. La kwanza, kuhamisha matairi. Ya mbele ndiyo yanayokata kona, kwa hiyo hulika kingo upesi. Usipoyabadilisha nafasi na ya nyuma kila kilomita 10,000 hivi, pamoja na la spea, yatapishana ukubwa. Hapo ukitumia magurudumu manne kwenye lami, gia zinateseka.

La pili ni upepo. Mchangani unaupunguza ili tairi litanuke, lisizame. Mwingereza Ralph Bagnold na wenzake walivuka jangwa la Libya kwa ujanja huo, wakiendesha vigari vya Ford, miaka ya 1920 na 1930. Lakini ukirudi kwenye barabara ngumu, sharti uurudishe. Tairi lenye upepo mdogo hupinda na kunyooka kila mzunguko, linapata moto, mwisho matabaka yake yanaachana. Na kwa macho unaweza kuliona zima kabisa.

Jana yake mjomba alikuwa amepunguza upepo ili avuke mchanga wa Kigamboni. Akasahau kuurudisha. Teke halikumkumbusha.

Tusimcheke. Hata Wamarekani walifundishwa na misiba. Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliyaita matairi milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Waliokufa Marekani walizidi 200. Wakaguzi wa serikali walikuta kasoro katika matairi yenyewe, lakini upepo nao ulizua ugomvi: Ford ilikuwa imeshauri paundi 26, Firestone ikataka 30. Novemba mwaka ule ule ikapitishwa sheria. Kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya nchini humo lilitakiwa kuwa na taa ya kumwonya dereva upepo ukipungua kwa robo. Ulaya ikafuata: tangu Novemba 2014 kila gari dogo jipya lilitakiwa kuwa na onyo hilo, Jimny ya 2018 ikiwamo.

Kijisuzuki cha mjomba hakina taa. Basi nimenunua geji, kitu chembamba kama kalamu, naiweka mfuko wa shati. Kila safari nachuchumaa mara tano, magurudumu manne na spea. Mjomba ananitazama, anacheka, kisha anapiga teke lake, kwa ule mguu mzima.