Kufufua gari la michezo la zamani: Libaki la asili kwa kiasi gani?

MWENYE gari la michezo la miaka ya 1960 au 1970 anayetaka kulifufua kwa kawaida huanza kwa kutafuta fundi na spea. Angefanya vyema zaidi kuanza na swali lisilohitaji spana: gari hili likishakamilika, liwe ushahidi wa nini? Lirudi kama lilivyotoka kiwandani, lionyeshe maisha liliyopitia, au liwe chombo cha kuendeshwa tu siku za mapumziko? Jibu ndilo linaloamua kipi kihifadhiwe na kipi kitupwe, na bati likishakatwa haliungiki tena likawa lile lile.

Mfano ulio karibu na msomaji wa Afrika Mashariki ni Datsun 240Z. Nissan walizindua gari hilo nchini Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Lile lililouzwa nje lilikuwa na injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita 2,393. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za East African Safari. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, aliurudia ushindi huo, ingawa alilingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine. Gari lililoshinda mwaka 1971 bado limehifadhiwa na kampuni hiyo huko Zama, Japani.

Tuchukue basi 240Z iliyouzwa Nairobi au Dar es Salaam miaka hiyo na kupigwa na barabara za vumbi. Huenda ikakutwa na bamba la chuma chini ya injini, springi nene kuliko za kiwandani, na alama za kuchomelea mahali pa juu panaposhika shokapu, ambapo mwenyewe alitaka bodi isipasuke. Kwa kitabu cha kiwanda, hayo yote ni uchafu wa kuondolewa. Kwa mwandishi wa makala haya, hayo ndiyo yanayolitofautisha gari hilo na maelfu yaliyouzwa Marekani. Mwenye kuyafuta ili apate gari “jipya” anapata kitu kizuri kinachopatikana kwingine, na anapoteza kile ambacho hakipatikani popote.

Suala hili limewahi kufika mahakamani. Bentley Speed Six iliyojulikana kama Old Number One ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Baadaye ilifungwa injini kubwa zaidi, na mwaka 1932 ikapata ajali katika uwanja wa Brooklands iliyomuua dereva wake, Clive Dunfee. Kisha ikajengwa upya ikiwa na bodi ya namna nyingine. Miongo mingi baadaye mwenye gari alikubaliana na mnunuzi bei ya pauni milioni 10, lakini mnunuzi akagoma kulipa, akidai kuwa hilo silo gari lililoshinda Le Mans. Jaji Otton wa Mahakama Kuu ya Uingereza alitoa hukumu mwaka 1990. Alikubali kwamba vipande vilivyosalia vya gari la mbio vilikuwa vichache sana. Hata hivyo, alisema, gari hilo halikuwahi kutoweka na mahali pake kuchukuliwa na jingine. Lilibadilika hatua kwa hatua na historia yake haikukatika. Muuzaji akashinda.

Hukumu hiyo haina maana kwamba vipande si kitu. Soko lenyewe limekuwa likielekea upande wa kuhifadhi. Mashindano ya Pebble Beach huko California, ambayo kwa muda mrefu yalijulikana kwa magari yanayong'aa kuliko yalipokuwa mapya, yaliweka daraja la magari yasiyofufuliwa mwaka 2001. Februari 2015, kwenye mnada wa Artcurial mjini Paris, Ferrari 250 GT California Spider iliyokutwa bandani magharibi mwa Ufaransa, ikiwa imefunikwa kwa marundo ya magazeti, iliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 16 pamoja na vumbi lake. Si kila vumbi lina thamani hiyo, bila shaka. Datsun iliyolala chini ya mwembe kwa miaka 20 haina budi kuguswa.

Mwongozo unaotumika sana ni Mkataba wa Turin, uliopitishwa mwaka 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale. Mkataba huo hautaki gari ligeuzwe sanamu. Unasisitiza kuhifadhi kwanza na kufufua baadaye. Unaheshimu mabadiliko yaliyofanywa gari lilipokuwa bado katika matumizi yake ya kawaida. Na unataka mabadiliko mapya yawe ya namna inayoweza kuondolewa bila kuharibu kilichokuwapo.

Kigezo hicho cha mwisho ndicho chenye manufaa makubwa gerejini. Mfumo wa kielektroniki wa kuwasha moto hufungwa kwa skrubu chache, na ule wa zamani ukawekwa kwenye boksi. Kabureta hali kadhalika: wamiliki wengi wa Marekani wenye 240Z za mwaka 1973 waliziondoa zile zilizobuniwa kukidhi sheria za moshi, wakafunga za miaka iliyotangulia, na hakuna aliyelalamika. Hata injini ya lita 2.8 ya matoleo ya baadaye hukaa vizuri mahali pa ile ya 2.4. Lakini kutoboa dashibodi kwa ajili ya redio, kupanua mabati juu ya matairi au kuchomelea kizimba cha chuma ndani ya gari ni maamuzi ya moja kwa moja.

Kutu ni habari nyingine, hasa kwa gari lililoishi Mombasa au Tanga. Kwenye 240Z hupenda kujificha chini ya betri, sakafuni, chini ya milango na katika fremu zilizoshika sakafu. Gari hili halina chesisi inayojitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Hapo hakuna mjadala wa uhalisia: bati lililooza likatwe, kwa sababu abiria watakaa juu yake. Breki na mikanda ya usalama iingie katika fungu hilo hilo.

Namba zisiguswe kabisa. Magari yenye usukani kulia yana namba ya bodi inayoanza na HS30, iliyogongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Ya injini huanza na L24 na iko kwenye bloku. Fundi mwenye haraka anaweza kuzisaga pamoja na kutu.

Lengo nalo lina uzito wake. Anayetaka kusimama mbele ya majaji wa Concours d'Elegance pale Ngong, Nairobi, na anayetaka kuingia East African Safari Classic, mbio za magari ya kale zilizoanza mwaka 2003, hawahitaji gari la namna moja. Na asitarajie faida ya haraka. Nissan wenyewe walijaribu Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kufufua 240Z na kuziuza kupitia mawakala wao. Hazikufika hata 50.

Kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa, picha zipigwe za kila upande, hasa sehemu zitakazofichwa na rangi. Kila kinachotolewa kiandikwe jina na kihifadhiwe, na injini ya awali, hata kama imekufa, ipakwe mafuta na kufunikwa. Siku gari litakapouzwa, maboksi hayo na picha zake yahamie kwa mnunuzi pamoja na kadi.