Tani 27 za Shimba

Bibi yangu alipokwenda kuchimba dawa hakuung'oa mti. Alikata mzizi mmoja, akafukia shimo, akahamia mti mwingine. Utotoni nilidhani ni ushirikina tu.

Mwaka 1972 Profesa Morris Kupchan wa Marekani na wenzake walitangaza maytansini, kemikali waliyoitoa katika mmea wa Ethiopia wa jamii ya Maytenus. Katika maabara, kiasi kidogo mno kilitosha kuua seli za saratani. Basi mwaka 1976 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikakusanya tani 27 za ndugu yake, Maytenus buchananii, huko Shimba Hills, Kwale. Miaka minne baadaye ilipohitajika mingine, ilipatikana kwa taabu.

Majaribio kwa wagonjwa nayo yaliachwa, kwani sumu yake ilikuwa kali. Lakini mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya matiti, ambamo kemikali ya ukoo huo hubebwa na kingamwili hadi kwenye seli yenye ugonjwa.

Siubezi ugunduzi huo. Umewaongezea wagonjwa siku za kuishi. Ila najiuliza: kabla ya kukata, nani aliwauliza wazee wa Kwale jinsi ya kuvuna?