Chanzo cha Mwanga wa Kijani katika Fuwele za Oksidi ya Zinki: Mjadala wa 1969 hadi 2005

Fuwele ya oksidi ya zinki ikimulikwa kwa miali ya urujuanimno aghalabu hutoa mwanga wa aina mbili. Wa kwanza ni wa urujuanimno, wenye nishati inayokaribia pengo la elektronivolti 3.37, na asili yake inafahamika: ni eksitoni, yaani elektroni na tundu lake vikiwa vimefungamana. Wa pili ni wa kijani, nao hutokana na kasoro za fuwele. Suala la kasoro ipi hasa lilizusha mjadala mrefu, kwa kuwa rangi moja ilichukuliwa kuwa dalili ya chanzo kimoja.

Mwaka 1969, Raymond Dingle aliuchunguza mwanga huo katika halijoto ya chini sana. Alibaini kuwa mstari wa mwanzo wa ukanda wa kijani ulikuwa pacha, na kwamba ukali wa mistari hiyo miwili ulilingana na uwiano wa kiasili wa isotopu za shaba, 63 na 65. Hivyo shaba ilitambulika kwa alama yake yenyewe. Hata hivyo, sampuli nyingi zilitoa ukanda mpana usio na mistari hiyo.

Mwaka 1996, Vanheusden na wenzake walionyesha kuwa ukali wa kijani katika unga wa oksidi hiyo uliambatana na ishara ya resonansi ya sumaku yenye thamani ya g ya takriban 1.96. Waliihusisha ishara hiyo na nafasi tupu za oksijeni zilizopoteza elektroni moja, na maelezo yao yakanukuliwa kwa wingi. Baadaye ilidhihirika kuwa ishara ya 1.96 hutokana na kasoro zinazoachilia elektroni kwa urahisi, ilhali ile ya nafasi tupu za oksijeni hukaribia 1.99.

Athari za kosa hilo zilivuka suala la rangi. Nafasi tupu hizohizo zilidhaniwa pia kuwa chanzo cha upitishaji umeme wa kiasili wa fuwele, ambao ndio kikwazo kikuu cha kutengeneza diodi za mwanga. Mwaka 2005, ukokotoaji wa Janotti na Van de Walle ulionyesha kuwa nafasi hizo hushikilia elektroni zake kwa nguvu mno kuweza kuleta upitishaji huo.

Kwa hiyo, ukali wa kijani pekee haufai kuwa kipimo cha upungufu wa oksijeni. Ulinganifu wa ishara mbili huelekeza uchunguzi tu. Uthibitisho huhitaji alama ya atomu husika, kama isotopu za Dingle zilivyofanya.