Moto wa Shelton Bar: Tamthilia na Kuzimika kwa Viwanda vya Stoke-on-Trent

Miji sita iliyounganishwa mwaka 1910 kuwa Stoke-on-Trent, yaani Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton, iliishi kwa udongo, makaa ya mawe na chuma. Mwandishi wa riwaya Arnold Bennett aliitaja kuwa miji mitano na kuiacha Fenton nje, kosa ambalo Fenton ina haki ya kulikumbuka. Majoko ya kuchomea vyombo vya kauri, yaliyojengwa kwa matofali kwa umbo la chupa kubwa yenye shingo ndefu, yalianza kuzimwa kwa wingi baada ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1956. Migodi nayo ikafungwa mmoja baada ya mwingine, hadi ule wa Silverdale, wa mwisho wa kina kirefu katika eneo hilo, uliponyamaza mwaka 1998. Maeneo ya Uingereza yaliyopatwa na msiba wa namna hiyo ni mengi, lakini ni machache mno yaliyokuwa na jumba la tamthilia lililoufuatilia kwa miongo mitatu, likiyatumia maneno ya wafanyakazi wenyewe.

Jumba hilo, Victoria Theatre, lilifunguliwa mwaka 1962 na Stephen Joseph katika sinema ya zamani mtaani Hartshill. Jukwaa lake lilikuwa la duara, maana yake ni kwamba watazamaji waliketi pande zote na waigizaji wakacheza katikati, bila pazia wala kuta za kuchora, hata mtu aliyeketi upande mmoja aliona, nyuma ya mwigizaji, nyuso za majirani zake wa upande wa pili. Peter Cheeseman, mwongozaji aliyeliongoza kundi la jumba hilo hadi mwaka 1998, aliamini kwamba kundi la waigizaji wanaoishi mjini humo lilikuwa na deni kwa mji huo, na namna yake ya kulilipa ilikuwa tamthilia ya ushahidi: mchezo unaotungwa kutokana na barua, magazeti, kumbukumbu za mikutano na mazungumzo yaliyonaswa kwenye kanda. Wa kwanza, The Jolly Potters wa mwaka 1964, ulihusu wafinyanzi wa karne ya 19.

Mtindo huu haukuzuka hewani. Mwaka 1963 Joan Littlewood alikuwa ameonyesha London jinsi nyimbo za askari na takwimu za vifo zinavyoweza kuwekwa pamoja jukwaani, na kabla yake, kuanzia mwaka 1958, Charles Parker, Ewan MacColl na Peggy Seeger walitunga kwa ajili ya redio vipindi vilivyochanganya nyimbo na sauti halisi za madereva wa treni, wavuvi na wachimba makaa. Kilichoongezwa Stoke ni ukali wa kanuni. Kila neno la jukwaani lilipaswa kutoka katika chanzo cha awali, yaani kwa aliyekuwepo au katika maandishi ya wakati ule, na pale ambapo chanzo hakikupatikana, onyesho la jambo hilo halikutungwa, hata kama kila mtu alijua kwamba lilitokea. Waigizaji ndio waliokuwa watafiti: walisoma nyaraka, wakaenda na kinasa sauti kuhoji watu, na mchezo ukaundwa mazoezini badala ya kungoja mswada wa mtunzi mmoja. Msomaji aliyezoea sanaa za maonyesho kwa maendeleo, zilizoenea Tanzania tangu miaka ya 1980, atambue tofauti moja kubwa: kule wanakijiji ndio wanaoigiza, ilhali Stoke waigizaji walikuwa wa kulipwa, na jamii ilitoa maneno, kisha ikarudi kuketi na kuyasikiliza.

Ubora wa kanuni hiyo ulidhihirika katika The Knotty ya mwaka 1966, iliyohusu reli ya North Staffordshire, shirika dogo ambalo wenyeji waliliita kwa fundo lililo alama ya jimbo lao, na ambalo mwaka 1923 lilimezwa na shirika kubwa zaidi. Katika mchezo huo kanda zilisikika ukumbini zenyewe, zikiwa na sauti za wazee waliostaafu kazi ya reli. Mwigizaji kijana aliyevaa kofia ya dereva aliweza kuiga lafudhi ya mzee kwa ustadi wote, lakini mzee mwenyewe alipozungumza kutoka kwenye kipaza sauti, akisita na kutaja kifaa kwa jina ambalo halimo katika kamusi yoyote, mwigizaji aligeuka kuwa msikilizaji kama wengine. Kwa kuwa jukwaa lilikuwa la duara, pengine mzee huyohuyo, au jirani yake, alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka hapo. Hilo ni sharti gumu kwa msanii yeyote, kwa maana kosa dogo la namna ya kushika sepetu lingeonwa na mtu aliyeishika miaka 40.

Hata hivyo, The Knotty ilikuwa tamthilia ya matanga: marehemu alikwisha kuzikwa, na walio hai walikusanyika kumsimulia. Jambo la kushughulikia kiwanda ambacho bado kinapumua lilikuja na The Fight for Shelton Bar, mwaka 1974. Shelton Bar ni jina la mtaani la kiwanda cha chuma kilichokuwa kwenye bonde kati ya miji hiyo, na ambacho mwangaza wa moto wake ulikuwa sehemu ya usiku wa wenyeji. Hakikuwa kiwanda chakavu cha kuonewa huruma tu. Mwaka 1964 kilikuwa kimewekewa matanuri ya kaldo, yaani matanuri yanayolazwa kwa mshazari na kuzungushwa huku oksijeni ikipulizwa ndani ili kukigeuza chuma kilichoyeyuka kuwa feleji, pamoja na mitambo ya kusubu mfululizo, iliyokuwa mipya sana duniani wakati huo. Zamani feleji ilimiminwa katika kalibu, ikaachwa igande kuwa pande kubwa, kisha ikapashwa moto upya ili ifanyiwe kazi. Katika kusubu mfululizo humiminwa juu ya kalibu ya shaba inayopozwa kwa maji na kutoka chini kama utepe mmoja usiokatika, ukakatwa vipande kadiri unavyoshuka.

Tatizo lilikuwa ramani. Katika mpango wa miaka 10 uliotangazwa mwaka 1973, British Steel Corporation, shirika la umma lililomiliki viwanda vikubwa vya chuma tangu mwaka 1967, lilikusudia kukusanya uzalishaji katika vituo vitano vikubwa, na Shelton, kilichokuwa kidogo na mbali na bandari za kupokelea mawe ya chuma, hakikuwemo. Wafanyakazi waliunda kamati ya kupinga, wakajenga hoja kwamba uyeyushaji ungeweza kuendelea kwa tanuri la umeme, linaloyeyusha chuma chakavu na kwa hiyo halihitaji bandari. Cheeseman na kundi lake waliingia humo na vinasa sauti, na mchezo ukaonyeshwa kuanzia Januari 1974, mwezi ambao viwanda vingi vya Uingereza viliruhusiwa umeme kwa siku tatu tu kwa wiki.

Sehemu kubwa ya mchezo ilijishughulisha na jambo ambalo waandishi wa habari hulipita upesi, nalo ni kazi yenyewe: namna feleji inavyotengenezwa, nani husimama wapi na nani humtegemea nani. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu mtazamaji asiyejua kazi huona kufungwa kwa kiwanda kama hesabu ya ajira, na anayeijua huona pia maarifa ambayo hayawezi kuhamishiwa kituo kingine kwa lori. Zaidi ya hayo, mchezo haukuwa na mwisho uliofungwa. Ulimalizika kwa kuwapa watazamaji habari mpya za mapambano, kwa kuwa mgogoro ulikuwa bado unaendelea nje ya mlango wa jumba.

Je, ulisaidia? Serikali ya Labour iliyoingia madarakani Machi 1974 iliagiza mpango wa kufunga viwanda upitiwe upya chini ya Lord Beswick, na Shelton kikapata muda. Kuusifu mchezo kwa ajili ya hilo kungekuwa kutia chumvi, kwani viwanda vingine vilipitiwa upya bila kuwa na mchezo wowote. Uyeyushaji ulikoma mwaka 1978, na tanuri la umeme halikuja.

Kanuni ya ushahidi ilikuwa na gharama yake pia. Aliyezoea kusema mikutanoni, au ambaye barua zake zilihifadhiwa, alipata nafasi jukwaani kwa urahisi. Aliyenyamaza alibaki nje, na katika viwanda vizito mnyamavu mara nyingi alikuwa mke aliyepanga nyumba yake kwa zamu za mumewe. Tamthilia ya Nice Girls ya mwaka 1993 inaweza kusomwa kama jibu la pengo hilo, maana ilitungwa kutokana na simulizi za wanawake waliouvamia mgodi wa Trentham mwaka huohuo na kujifungia humo kwa siku kadhaa kupinga usifungwe.

Kanda za mahojiano hayo ya miaka mingi zilikuja kuhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Staffordshire. Mwaka 1986 kundi lilihamia jumba jipya, New Vic, katika mji jirani wa Newcastle-under-Lyme, jumba lililojengwa tangu msingi kwa ajili ya jukwaa la duara. Mwaka huohuo ardhi ya matanuri ya Shelton, ikiwa imesafishwa na kupandwa maua, ilifunguliwa kwa tamasha la kitaifa la bustani, na baadaye ikajengwa maduka. Karakana ya mihimili, ambamo feleji iliyoletwa kutoka kwingine ilibanwa kati ya magurudumu mazito, iliendelea kunguruma pembeni mwa maua hayo hadi mwaka 2000.