Dalali

Dalali ni mtu anayewakutanisha mwenye mali na mteja, akalipwa kwa kazi hiyo. Neno limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuonyesha au kuongoza, uleule uliotupa "dalili". Wingi wake ni madalali. Udalali ni kazi yenyewe, na pia ujira wake.

Matumizi ya zamani ni ya mnadani: dalali hunadi mali, na anayefika bei huchukua. Maana hiyo ingali hai katika "dalali wa mahakama", anayekamata na kuuza mali ya mdaiwa kwa amri ya mahakama. Dar es Salaam, hata hivyo, neno hili likitajwa mtaani humfikisha msikilizaji moja kwa moja kwenye chumba cha kupanga. Huko dalali humwonyesha mpangaji nyumba, na kwa desturi hudai kodi ya mwezi mmoja, juu ya miezi sita au mwaka anaotaka mwenye nyumba. Mzigo huo ni mzito mno kwa anayeanza maisha.

"Wakala" si kisawe chake kamili. Wakala humwakilisha aliyemtuma; dalali husimama katikati. Mpangaji aulize mapema anazungumza na nani kati yao, na adai risiti.