Tembo la Yahuma

Yahuma ni wilaya ya mkoa wa Tshopo, upande wa kushoto wa Mto Kongo, magharibi mwa Kisangani. Mvinyo wake ni tembo, ligemwalo kwenye mchikichi na kwenye mwale. Wapenzi wa mvinyo wa zabibu huanza na udongo, lakini hapa udongo ni shahidi dhaifu. Ni udongo mkongwe wenye asidi, uliooshwa rutuba na mvua, na mchikichi huuvumilia. Linaloamua ni maji: mchikichi hushika mashamba ya zamani na miinuko, mwale hushika mabwawa. Mwale huchanua mara moja tu kisha hufa, kwa hiyo mgema anayeuwahi kileleni anavuna maisha yote ya mti. Mchikichi ulio hai hugemwa kwenye kikonyo cha ua dume; mgema hukiparaza upya asubuhi na jioni, maana kidonda kikikauka utomvu husimama. Joto la wastani la nyuzi 25 hivi hufanya kazi iliyobaki. Hamira hukaa tayari kibuyuni, hivyo tembo tamu la asubuhi huwa kali jioni, na kesho yake limechachuka.

Itasemwa kwamba kinywaji kisichohifadhika, kinachopatikana bonde zima la Kongo, hakiwezi kuitwa mvinyo wa mahali. Pingamizi hilo lina uzito, ila linapima kwa kipimo cha chupa. Dodoma, penye kiangazi kirefu, zabibu huiva vizuri na mvinyo husafiri. Yahuma unyevu na joto haviruhusu, na kutosafiri huko ndiko kunakolifunga tembo na kijiji chake.

Kanuni za kilimo nazo zimeandikwa kwa ajili ya mafuta. Mkataba wa 1911 uliipa kampuni ya Lever haki kubwa juu ya michikichi ya Kongo, na mashamba ya Lokutu, yaliyotokana na mkataba huo, yanagusa wilaya za Isangi, Basoko na Yahuma. Kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi, utafiti wa Beirnaert na Vanderweyen uliotolewa 1941 ulieleza urithi wa unene wa ganda la kokwa, na tangu hapo mbegu bora imekuwa ile yenye ganda jembamba na mafuta mengi. Utomvu haukuwa kigezo. Mgema amebaki na mti wa desturi, wa ukoo na wa msitu. Anayetaka kulilinda tembo hili aanze na haki ya mti huo, kabla ya kufikiria chupa na lebo.