Historia iliyofichwa chini ya zulia

Wadau, nimekuwa nikifuatilia habari za nyumba za Marekani zilizojengwa kabla ya miaka ya 1980. Nyingi zilitandikwa vigae vya inchi 9 kwa 9, vikabandikwa kwa gundi nyeusi ya lami. Vigae hivyo, na mara nyingi gundi yenyewe, vilichanganywa na asbesto: ngumu, rahisi, haishiki moto.

Kigae kizima hakina neno. Balaa huanza unapokivunja au kukwangua gundi iliyokauka. Nyuzi huruka, huingia mapafuni, na saratani huweza kujitokeza miaka 20 au zaidi baadaye.

Kanuni ya kupiga marufuku aina ya mwisho iliyokuwa ikitumika Marekani ilitoka mwaka 2024! Ndugu uliyenunua nyumba kuukuu huko, mwite mtaalamu apime kabla hujashika patasi.